Enzi Gari Lililotumika Lilipokuwa Ghali Kuliko Jipya

Wadau, kuna kipindi katika nchi hii gari lililokwisha kutembea liliuzwa bei kubwa kuliko gari jipya la aina hiyohiyo. Sio utani. Kijana wa leo anayepiga hesabu zake Kahama au Geita mjini, akijiuliza achukue jipya au la mtumba, anaweza kudhani mzee anayemsimulia hivyo amechanganyikiwa. Mzee hajachanganyikiwa hata kidogo, na kisa chake kina msaada kwa huyo kijana kuliko anavyofikiri.

Swali la jipya au used naulizwa sana, kwa sababu watu wanajua nimekulia Shinyanga na naandika habari za migodi. Mtu kauza mawe yake, mwingine kavuna mpunga vizuri, mwingine kaajiriwa mgodini na benki imemkubalia mkopo. Wote wanauliza lilelile: "Bei ya haki ni ipi? Nisije nikapigwa." Mimi sio fundi wala dalali. Kazi yangu ni kuuliza wazee na kusoma makaratasi. Na nikifuatilia jinsi magari yalivyoingia huku kwetu, naona kwamba bei ya gari haijawahi kupangwa na muuzaji na mnunuzi wakiwa wawili tu. Daima kuna mtu wa tatu kasimama pembeni.

Tuanzie mbali kidogo.

Mwaka 1940 Mkanada mmoja, John Williamson, aligundua almasi Mwadui, jirani na Shinyanga mjini. Upande wa Geita kulikuwa tayari na mgodi wa dhahabu wa kikoloni ulioanza miaka ya 1930, ukafungwa 1966. Enzi hizo gari lilikuwa la kampuni, la serikali, la misheni, au la mfanyabiashara wa Kiasia mwenye duka na kinu cha pamba. Msukuma wa kawaida utajiri wake ulikuwa ng'ombe, na akisogea kidogo, plau na baiskeli. Gari jipya liliagizwa kwa wakala, kuukuu aliliuza mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Suala la kuchagua halikumhusu mkulima.

Pamba ndiyo iliyobadilisha mambo. Mwaka 1955 vyama vya wakulima wa Kanda ya Ziwa viliungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions, Paul Bomani akiwa kinara wake, na kwa muda mfupi ushirika huo ukawa miongoni mwa mikubwa kabisa barani Afrika. Ushirika ukanunua malori. Baba yangu mkubwa, aliyekuwa karani wa ushirika upande wa Maswa (wakati huo ikiwa mkoa wa Shinyanga), husema lori la ushirika lilikuwa gari la kwanza ambalo mkulima aliweza kulinyooshea kidole na kusema "hata mimi nimo humo". Landrova ilibaki kuwa gari la bwana shamba na bwana mkubwa.

Halafu likaja Azimio la Arusha, Februari 1967. Benki zikataifishwa, na biashara ya kuagiza bidhaa kutoka nje ikawekwa chini ya Shirika la Biashara la Taifa, STC. Miaka ya 1970 shirika hilo likagawanywa, na magari yakapewa shirika lake, State Motor Corporation, ambalo kila mtu aliliita SMC. Mwaka 1973 ikaundwa Tume ya Bei. Kwa hiyo gari lilikuwa na muuzaji mmoja, na bei yake ilipangwa mezani.

Hapa ndipo kitendawili changu cha mwanzo kinapofunguka. Fedha za kigeni zilikuwa chache na Benki Kuu ndiyo iliyoamua zinakwenda wapi. Bei ya mafuta ilipanda vibaya mwaka 1973, ikapanda tena 1979 wakati tumetoka tu kumaliza vita vya Kagera. Magari mapya yaliyoingia yalihesabika. Kwa kawaida kitu kikiadimika bei hupanda, lakini bei ya SMC haikuwa huru kupanda. Tuseme gari limepangiwa 100, na waliokuwa tayari kulipa 200 wamejaa mlangoni. Nani atalipata? Atalipata mwenye kibali.

Na mwenye kibali akishalipata kwa 100, anatoka nalo getini. Kuanzia dakika hiyo gari limeshatumika. Halimo tena kwenye orodha ya shirika, ni mali ya mtu, na yeye anajua fika kuna watu wa 200. Hivyo ndivyo kuukuu lilivyoweza kuwa ghali kuliko jipya. Ile tofauti ilikuwa bei ya kibali, haikuwa bei ya gari. Baba mkubwa anasema watu wa rika lake mtu akionekana na gari hawakumuuliza "umenunua shilingi ngapi?" Walimuuliza "kibali umepataje?"

Naomba tusiwabeze sana wazee wetu. Nia ilikuwa njema: nchi maskini, dola chache, kwa nini zitumike kumletea mtu gari la kutembelea wakati hospitali haina dawa? Ni hoja ambayo hata leo siwezi kuitupa. Kulikuwa hata na amri ya kuzuia magari ya binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana ili kuokoa mafuta. Lakini matokeo ya vibali tunayajua. Aliyenufaika na bei nafuu ya serikali alikuwa yule mwenye kujuana na mtu ofisini, na mkulima wa Maswa ambaye pamba yake ndiyo ilileta hizo dola hakuwa na mtu ofisini. Isitoshe, mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vya ushirika, na lile lori la "hata mimi nimo humo" likaenda nalo. Vyama vilirudishwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, ila wazee watakwambia havikuwa vilevile.

Spea nazo zilikuwa hadithi nyingine. Gari likiharibika lililazwa juu ya mawe uani, likang'olewa kidogo kidogo ili mengine yaishi. Ukiona leo fundi wa Shinyanga anaweza kufunga kitu cha gari hili kwenye gari lile na likaondoka, ujue ufundi huo ulianzia wakati ule.

Mwaka 1984 ulikuwa wa aina yake. Aprili tukampoteza Waziri Mkuu Edward Sokoine, aliyekuwa ameongoza msako wa wahujumu uchumi mwaka uliotangulia. Juni, kwenye bajeti, Waziri wa Fedha Cleopa Msuya akatangaza jambo ambalo miezi michache nyuma lingemfikisha mtu pabaya: mwenye fedha zake za kigeni aruhusiwe kuagiza bidhaa kutoka nje, na asiulizwe kazipata wapi. Kilichoingia kwa wingi kilikuwa nguo na... pikapu! Pikapu zilijaa nchini hata zikawa alama ya enzi ile. Mzee Mwinyi alipochukua nchi Novemba 1985 na neno "ruksa" likaenea, mlango ulikuwa umeshafunguliwa.

Fedha za kigeni zilitoka wapi? Wengine walikuwa na ndugu nje, wengine walivusha kahawa mpakani. Huku kwetu jibu lilikuwa chini ya ardhi. Miaka ya 1980 wachimbaji wadogo walimiminika Geita na Kahama, na dhahabu nyingi ilitoka nchini kimya kimya, maana aliyeiuza serikalini alilipwa shilingi kwa bei isiyofanana na ya nje. Mwaka 1990 serikali ikaanza kununua dhahabu ya wachimbaji hao kupitia benki kwa bei iliyowavutia, na biashara ikatoka gizani kwa kiasi fulani. Lakini uhusiano ulikuwa umeshajengeka: dhahabu ikawa dola, dola ikawa pikapu, pikapu ikabeba debe na unga kwenda machimboni na kurudi na mchanga. Kibali hakikutajwa tena. Badala yake aliyesimama pembeni sasa alikuwa dola yenyewe. Kuanzia 1986, baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa, shilingi ilishushwa thamani mara kwa mara, na mwaka 1992 maduka ya kubadilisha fedha yakaruhusiwa. Gari lililokuwa na bei ya kupangwa likawa na bei ya kweli, na bei ya kweli iliwatisha wengi. Jipya likapaa hadi mahali ambapo mtu binafsi wa kawaida hajalifikia tena.

Kilichotuokoa ni sheria ya watu wengine kabisa. Japani wana ukaguzi wa lazima wa magari wanaouita shaken. Gari jipya la kutembelea linakaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na kila ukaguzi una gharama. Kadiri gari linavyozeeka ndivyo mwenyewe anavyoona heri aachane nalo anunue lingine. Kwa hiyo Mjapani anauza gari ambalo bado lina nguvu, kisa gharama za kuendelea kuwa nalo. Wao wanaendesha kushoto kama sisi. Basi! Bahati ya jiografia na sheria za barabarani ikatuletea Corolla, Mark II na Carina, mengi miaka ya 1990 yakipitia Dubai. Ilipoingia intaneti, mtu wa Shinyanga akaweza kukaa kwenye kompyuta ya kulipia kwa saa na kuangalia gari lililoegeshwa Yokohama, upande kwa upande. BE FORWARD ilianzishwa 2004, na leo jina hilo linajulikana hata kwa asiye na baiskeli.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema mtumba wa Japani ni "takataka zao". Mengine ni takataka kweli, hasa yaliyopigwa mzinga yakanyooshwa bodi. Lakini kwa kawaida bei ndogo ya kule haisemi kwamba gari limechoka. Inasema kwamba sheria ya kule imelichoka.

Sasa turudi migodini, maana hapa ndipo jipya lilipopata makazi. Mgodi mkubwa wa Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu ulifuata 2001, Buzwagi 2009. Barabarani yakaonekana magari mapya kabisa, Land Cruiser nyeupe zenye bendera ndogo juu ya mlingoti. Vijana tukaamini hivyo ndivyo gari linavyotakiwa kununuliwa. Tusichojua ni kwamba kampuni inanunua jipya kwa hesabu isiyo yetu: gari likilala siku moja kazi inasimama, kuna masharti ya usalama, kuna karakana ndani ya uzio, na muda ukifika linapigwa mnada. Wewe wa Kakola gari lako likilala siku moja unapanda mchomoko. Na waranti ya gari jipya ni nzuri, ila inakutaka ulipeleke kwa wakala kwenye miji mikubwa, wakati fundi wako wa kila siku yuko chini ya mwembe na ukimpa gari lenye waranti ataiua kwa spana ya kwanza.

Magari ya mnada wa migodi yana sifa ya kutunzwa, na ni kweli hufanyiwa sevisi kwa ratiba. Lakini yameishi kwenye vumbi, mawe na mashimo kila siku ya maisha yao. Mnunuzi akishika tu karatasi za sevisi akasahau kulala chini ya gari na tochi kuangalia chasisi, shauri yake.

Kuna na soko jingine ambalo halina mnada wala yadi, na ndilo linalonivutia zaidi. Kwenye miji ya dhahabu kama Katoro gari ni benki. Duara likitema, mwenye duara ananunua Harrier (ile ambayo mtaani inaitwa tako la nyani, samahanini kinamama). Duara likikauka, wachimbaji wake wanataka kula, mashine inataka dizeli, na gari linauzwa ndani ya siku mbili. Muuzaji wa namna hiyo hauzi kwa thamani ya gari. Anauza kwa ukubwa wa shida yake, na anayejua shida yake ni dalali. Ukinunua hapo utapata bei ndogo sana. Kama ni ya haki, hilo mnisaidie nyie. Mimi ningeuliza tu kadi iko kwa nani, maana mara nyingi gari kama hilo limeshapita mikono mitatu bila kubadilishwa umiliki, na jina lililo kwenye kadi ni la mtu ambaye hayupo hata Kanda ya Ziwa.

Na hapo kwenye kadi tukae kidogo. Tangu tuanze kutumia namba za T zenye tarakimu tatu na herufi tatu, Watanzania tumejenga bei juu ya herufi. Namba A ni babu, B ni baba, C inaheshimiwa, D ina bei, E ni maringo. Dalali anakwambia "hii ni D, kaka" kana kwamba amekwambia umri. Hajakwambia umri! Herufi inaonyesha gari lilisajiliwa lini Tanzania. Gari lililotengenezwa 2003 likakaa Japani hadi 2019 likaletwa, litakuwa D. La 2003 lilelile lililoletwa 2010 litakuwa B. Yote mawili yana umri mmoja. Lile la D lina faida moja ya kweli, kwamba limekula rafu rodi zetu miaka michache zaidi, na faida hiyo ina bei yake. Lakini sio bei tunayolipa. Mwaka wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi hiyohiyo na watu hawausomi. Wanasoma bamba.

Sasa hesabu niliyowaahidi wengi. Huyo mtu wa tatu wa siku hizi ni kodi. Kenya wamekataa kabisa magari ya zaidi ya miaka 8, Uganda mwaka 2018 wakaweka ukomo wa miaka 15. Sisi hatujakataza, tunatoza. Kwa viwango tulivyovizoea miaka ya karibuni (kila bajeti ya Juni yaweza kuvigusa, kwa hiyo hakikisheni), kuna ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini ya zaidi ya cc 1,000 hadi 2,000, VAT asilimia 18, na ushuru wa uchakavu: asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10, asilimia 30 likizidi 10.

Chukua gari la cc 1,500 lenye umri wa miaka 12, ambalo TRA imelithamini dola 3,000 likiwa limefika bandarini. Forodha dola 750, inakuwa 3,750. Asilimia 5 ya hiyo ni 187.5. Uchakavu asilimia 30 ya hiyohiyo ni 1,125. Jumla 5,062.5, na VAT juu yake ni 911. Kodi zote zinakaribia dola 2,974. Yaani umenunua gari mbili, moja ukaiacha Dar es Salaam! Na hapo sijagusa ada ndogondogo. Kumbukeni pia kwamba thamani inayotozwa ni ya kwenye mfumo wa TRA, sio lazima iwe ile uliyomlipa Mjapani.

Gari lisilofika miaka 8, cc zilezile, halilipi ule uchakavu. Ukigeuza hesabu, lenye thamani ya dola 3,850 hivi litakutoka jumla ileile ya karibu dola 5,970. Kwa tofauti ya dola 850 kule unaletewa gari lenye umri mdogo kwa miaka minne au mitano, kwa jumla ileile hapa. Kwa mwenye uwezo wa kuagiza, jibu langu liko hapo, sio kwenye jipya na sio kwenye la miaka 15 linaloonekana rahisi kwenye picha.

Lakini angalieni nani anaumia. Mwenye kununua gari jipya hatozwi uchakavu. Kwa asilimia analipa kidogo kuliko anayenunua la miaka 12. Wanasema ni kwa ajili ya mazingira na ajali, na hoja ipo. Ila nikikumbuka ya SMC, naona dawa inafanana: sera imekusudia jambo jema, na nafuu imemwangukia mwenye nacho.

Mwenye mchomoko haingii kwenye ubishi huu. Kwa msio wa huku, mchomoko ni gari dogo, Probox au Spacio, linalobeba abiria njia kama ya Kahama kwenda Kakola, watu wengi kuliko viti. Barabara hiyo ilibaki ya vumbi miaka na miaka huku dhahabu ikipita juu yake. Nilimuuliza mmiliki mmoja kama angetamani jipya. Akaniuliza, litaniletea hesabu kubwa zaidi? Dereva ataleta elfu 40 kwa siku iwe Probox ya 2004 au ya jana. Yeye alinunua la mkononi kwa milioni 8, namba C. Akagawanya mbele yangu kwa kidole, vumbini: siku 200. Akaongeza 60 za spea na za trafiki. Baada ya hapo, alisema, gari ni lake.